Nyumba Unayonifagilia

Baharini, kusini mwa Mombasa, Jumatano. Siku ya sitini na nne ya safari ya siku mia moja na ishirini na nane. Mwaka wa arobaini na moja tangu nilipoondoka Mwika kwa miaka miwili.

Kaka yangu Anaeli,

Shikamoo. Neno hilo nimeliandika nikiwa nimesimama, kama baba alivyotufundisha kumsalimu mkubwa, kisha nikakaa. Meza ninayoandikia imefungwa kwa skrubu sakafuni ili isitembee bahari ikichafuka. Aikande amesinzia kwenye kiti cha nje, kitabu kifuani. Viatu vyake viko mlangoni na vina udongo wa kwako. Jana mhudumu wa vyumba alivichukua akavisugue. Mke wangu, bibi wa miaka sitini na tisa, akamkimbiza korido nzima na kuvirudisha vilivyo. Sikumuuliza kwa nini. Najua.

Neema atakusomea barua hii, maana macho yako yamechoka. Nimemwomba huyo binti yako aisome mara mbili: mara ya kwanza kwako na kwa shemeji, mama yake, hapo uani, mara ya pili Desemba, wakati watu wote wamepanda nyumbani na ukoo umekaa. Ndiyo maana nimeiandika wazi. Kuna jambo uliwaambia ukoo kwa ajili yangu ambalo si kweli, na mwenye kulirekebisha ni mimi.

Nianzie mbali kidogo. Unakumbuka kibuyu cha mama cha maziwa? Nilikuwa na miaka saba, wewe kumi na mbili. Nilikiangusha jikoni kikapasuka vipande viwili, nami nikaanza kukimbia kuelekea mfongoni, kwenye mfereji wa maji. Ulinishika shati.

"Usikimbie. Anayekimbia anapigwa mara mbili."

Ulinipeleka mpakani mwa kihamba, shamba letu la migomba, pale mimea ya masale ilipopangana kama watu kwenye foleni, ukakata jani moja refu, ukalifunga fundo katikati, ukanipa. "Lishike kwa mikono miwili. Usiseme kitu mpaka alipokee."

"Akikataa?"

"Isale halikataliwi. Hata aliyeua mtu, akija nalo anasikilizwa."

"Mimi nimeua kibuyu."

Ulicheka hadi ukalazimika kukaa chini. Mama alikuwa anamenya ndizi za mtori. Akalitazama jani, akanitazama mimi, akatazama upande wa zizi ambako ulidhani umejificha. "Mwambie na mwalimu wako atoke." Lakini alilipokea, kwa mikono miwili, bila tabasamu, kama vile nilikuwa mtu mzima. Kisha akachota maziwa kwa kata, akanywa yeye, akaninywesha mimi, maana isale likishapokelewa sharti watu wanywe pamoja. Nimesoma vitabu vingi tangu siku ile, kaka. Kazi yangu ya miaka thelathini ilikuwa maktaba. Sijaona sheria fupi kuliko ile wala iliyo nzuri zaidi: unakuja na jani, hukataliwi, mnakunywa.

Wewe ndiye uliyenifundisha. Nakuomba ulikumbuke hilo unaposikia yanayofuata.

Siku niliyoondoka ulibeba sanduku langu kichwani mpaka barabarani. Aikande alikuwa na mimba ya Upendo na alikataa kubebewa mkoba wake mdogo. Ulimtania kama ulivyomtania tangu siku tulipomleta bi harusi, akajaribu kubeba mzigo wa majani ya ng'ombe ukamwanguka mbele ya wakwe wote. "Nyie watu wa Rau mmezoea kuinama kwenye mpunga. Kubeba hamjui." Naye, bi harusi wa siku tatu, akakujibu, "Na nyie mmezoea kubeba, ndiyo maana shingo zenu fupi." Mama alimpenda tangu dakika ile.

Barabarani uliniambia maneno machache. "Miaka miwili ni misimu miwili ya kahawa. Nenda ukasome. Nyumba nitakufagilia."

Kwa wasiotoka kwetu, na kwa wajukuu zetu waliokulia mbali, nieleze. Kwetu mtoto wa kiume wa kwanza anapooa hupewa shamba lake, na wa mwisho hubaki na wazazi. Nyumba ya baba ni ya kitindamimba. Yeye ndiye huwauguza wazee, huwazika, hulinda makaburi. Si zawadi, ni kazi. Wewe ulikuwa umeshapewa pako kule chini karibu na Himo, una nyumba ya bati na mke. Uliiacha ukapanda kuja kuishika kazi yangu kwa misimu miwili, na kwa kuwa nyumba haikuwa yako, hukuingia. Ulijipigilia chumba cha mbao pembeni mwa uwanja, kati ya zizi na migomba, wewe na Mama Neema, mkangoja.

Nilikiona chumba kile mara moja tu, nilipokuja kumzika baba. Nilikaa siku nne. Nililala kitandani kwangu, kwenye chumba changu, kimefagiliwa, shuka zinanukia jua. Asubuhi ya pili nilikukuta unatoka kwenye mbao zako ukiwa umeinama kwa sababu mlango ni mfupi, nikakuuliza, "Kaka, mbona huingii ndani?"

Ukanijibu, "Nyumba ina mwenyewe."

Nitakuambia sasa kitu ambacho sijamwambia hata Aikande. Nilifurahi. Nilisimama kwenye kibaraza cha baba, nikiwa na koti la Kanada, nikafurahi kusikia kwamba nina nyumba, wala sikufikiria kwamba mtu aliyenipa furaha hiyo amekunja mgongo ili atoke mlangoni kwake.

Mama alipougua sikuja. Shemeji alimuuguza miezi saba, akilala kwenye mkeka miguuni mwa kitanda chake. Alipozikwa, na matanga yakaanuliwa, mlikunja mkeka, mkafunga mlango kwa ufunguo, mkarudi kwenye mbao. Uliniambia kwenye simu kama mtu anayetoa taarifa ya zamu: "Tumefunga. Jumamosi nafungua napitisha hewa, nafagia, nafunga. Unakuja lini?"

"Mwakani," nikasema.

Nililisema neno hilo kila Desemba. Nililisema nikiwa na kazi, nililisema nilipostaafu, na miaka mitatu iliyopita, lilipoanza kunitia aibu, nikakuambia daktari amenikataza kupanda ndege. Hakuna daktari aliyesema hivyo, kaka. Nina moyo wa punda. Ulinipa pole, na Jumapili ile mkaniombea kanisani kwa jina. Neema aliniandikia kwamba usharika mzima ulisimama.

Sasa nije kwenye isale.

Miaka sita iliyopita masika yaling'oa paa la chumba chenu. Bati zilikutwa kwenye kahawa ya jirani. Mlinipigia siku mbili hamkunipata. Tulikuwa ziwani na watoto, simu nimeiacha nyumbani kwa makusudi, ili nipumzike. Mvua haikungoja. Ukafungua nyumba ya baba, ukamwingiza mkeo na godoro lililolowa. Kisha ukafanya kile ambacho mtu wa kwetu hufanya. Ulikwenda mpakani, ukakata jani, ukalifunga fundo, ukampa binti wa mchungaji aliyekuwa anakuja Kanada masomoni. Alinipigia hodi mwezi ule ule. Alivua glavu mlangoni, akalitoa kwenye bahasha kwa mikono miwili, akasema maneno kama ulivyomkaririsha: "Kaka yako anasema, niliingia bila kukuuliza. Nisamehe."

Nililipokea. Nilimpa chai. Akaniuliza, "Nimjibu nini, babu?" Nikamwambia nitampigia mwenyewe.

Sikukupigia. Nilijiambia isale halijibiwi kwa simu. Kwamba sharti tunywe pamoja kata moja, kwamba nikija mwakani tutanywa. Unaona nilivyofanya? Nilichukua sheria nzuri ya mama nikajifichia nyuma yake. Lile jani nililiweka kwenye droo ya soksi. Nimelipita kila asubuhi kwa miaka sita.

Watoto ndio waliotulipia safari hii, kwa miaka arobaini na tano ya ndoa, kuzunguka dunia kwa meli. Walimwachia mama yao achague. Alipekua ratiba nane usiku na mchana, miwani puani, nami nikadhani anatafuta visiwa. Alikuwa anatafuta Mombasa. Aliniambia tulipokwisha kuipita Pasifiki, tukiwa baharini, mahali ambapo mtu hawezi kushuka.

"Mombasa meli inalala. Asubuhi tunakodi gari: Voi, Taveta, Holili, Himo. Saa kumi tuko kwa shemeji. Kesho yake tunarudi. Si daktari alikataza ndege? Hii ni barabara."

Nilikubali. Sikuwa nadanganya nilipokubali. Kwa wiki tatu nilijizoeza, kaka, nikizunguka sitaha asubuhi, namna nitakavyoinama kwenye mlango wako mfupi. Siku ile nilivaa shati jeupe. Lile jani kavu nililiweka kwenye mfuko wa koti. Tulisimama kwenye foleni ya ngazi, tukafika chini kabisa, na pale palikuwa na mama mmoja mlinzi wa bandari, mtu wa makamo, ana leso mkononi anajifuta jasho. Akanitazama usoni, akajua kwamba mimi si mtalii.

"Shikamoo, baba. Unashuka au unawapisha?"

Nyuma yangu watu walikuwa wanasukumana na kofia zao. Nikamjibu kwa Kiingereza. Kaka, mwanamke ameniamkia kwa heshima ya kwetu, nami nikamjibu kwa Kiingereza, kama mgeni, kwamba ninawapisha.

Aikande alikuwa ameshakanyaga sakafu ya bandari. Akageuka.

"Magoti," nikamwambia.

"Magoti gani? Juzi umecheza rumba mpaka bendi ikachoka." Kisha akaniangalia vizuri, akaacha utani. "Haya. Mimi nakwenda. Mimi si wa ukoo wenu, lakini miguu ninayo."

Nikapanda ngazi. Niliketi chumbani nikaanza kuhesabu: sasa wako Mariakani, sasa Voi, sasa Taveta wanagonga mihuri, sasa Himo, na magunia ya vitunguu yako pembeni mwa barabara kama siku zote. Mchana ukumbini palikuwa na mhadhara kuhusu nchi tunazopita. Mhadhiri alionyesha picha ya mlima. Bwana mmoja akauliza watu wa pale huishi vipi, mhadhiri akasema huishi vijijini, wanalima ndizi. Nilikuwa mstari wa tatu. Jirani yangu, mwanamke mwenye adabu sana, akaniuliza kwa sauti ndogo kama ninaifahamu sehemu ile.

"Kidogo," nikasema.

Mke wangu alirudi kesho yake alasiri, saa moja kabla ya ngazi kuondolewa. Alikuwa na vumbi mpaka kwenye nyusi. Ulimpa mkungu wa ndizi. Bandarini wakamwambia chakula hakiingii melini, akawagawia walinzi mmoja mmoja, yule mama wa leso akapata chane nzima. Alioga, akala. Nilimwacha apumzike. Meli ilipotoka akaja kukaa karibu nami, akaanza, na nitaandika kama alivyonisimulia ili ukoo wajue kwamba nimesikia.

Alisema gari liliposimama, watoto walikuja mbio, na mmoja akamuuliza mwenzake, "Huyu ndiye mke wa Babu Mwakani?" Ukamkemea. Lakini mtoto hakuwa anatukana, kaka. Alidhani ndilo jina langu.

Alisema ulitoka kwenye mbao ukiwa umeinama, ukajinyoosha kwa hatua mbili tatu, ukatazama nyuma yake kuona kama kuna mwingine anashuka. Ulitazama gari mpaka dereva akafunga mlango. Ndipo ukasema, "Karibu, shemeji. Shingo bado fupi?"

"Imezidi," akakujibu, na mkacheka, na wewe ukacheka mpaka ukalia.

"Na mgonjwa wangu? Daktari amekataza na meli?"

Alisema hapo hakujua aangalie wapi.

Ulimwonyesha nyumba. Shuka kitandani kwangu. Shemeji huzifua kila mwezi na kuzirudisha, akasema, hata mwezi huu alipokuwa hawezi kusimama muda mrefu. Kisha Aikande aliomba kuona mnakolala. Akaona ndoo chini ya tundu la paa. Akakisikia kifua cha Mama Neema. Aliniigia kikohozi kile, mke wangu, hapa kwenye chumba chenye zulia, mara moja tu.

Akakuuliza kwa nini hamlali ndani. Akakuambia yeye alidhani mnalala ndani tangu mvua ile.

Ukamweleza. Kwamba mlipoingia mlituma isale. Kwamba mlikaa ndani mkingoja jibu, wiki moja, mbili, sita. Kwamba binti wa mchungaji alithibitisha amelifikisha mkononi mwangu. Kwamba jibu halikuja, basi mkajua nimekasirika, mkakunja godoro mkarudi nje kabla paa halijakamilika, na hapo ndipo kifua cha shemeji kilipoanza.

Mke wangu akajaribu kunitetea. "Baba Upendo hakukataa, shemeji. Hakujibu tu."

"Shemeji," ukamwambia, taratibu, "kwetu kuna tofauti?"

Na akakuuliza ukoo walisemaje, maana jambo kama hilo ukoo hauwezi kulinyamazia. Ukasema, "Niliwaambia amelipokea na amejibu. Ningesemaje? Kwamba mtoto wa mama yangu amekataa isale?"

Wazee wetu walisema aibu ya maiti aijuaye ni mwosha. Umenifunika kwa miaka sita, kaka, ukilala chini ya tundu. Uliwaambia unapenda mbao kwa sababu ya kusikia ng'ombe. Leo nakufunua wewe pia: Anaeli hakupenda mbao. Alikuwa ananitunzia jina.

Asubuhi, kabla hajaondoka, ulikwenda mpakani. Ukakata jani lingine. Liko hapa mezani sasa, lina siku tatu na bado bichi kama lililokatwa leo; nilikuwa nimesahau kwamba isale halina haraka ya kufa. Ulimpa kwa mikono miwili ukamwambia, "Mpelekee hili. Mwambie labda lile la kwanza lilipotea njiani. Hili limekuja kwa mkono wa mkewe, halitapotea."

Labda lilipotea njiani. Ulijua halikupotea. Binti wa mchungaji alikuambia. Bado ulinijengea mlango wa kutokea, mrefu wa kutosha nisiiname, na ilinibidi tu niseme ndiyo, kaka, kumbe lilipotea. Usiku ule karibu niseme. Nilikuwa nimeshaanza kupanga maneno.

Halikupotea. Lililala na soksi zangu.

Umeniuliza kwa kinywa cha mke wangu umenikosea nini. Hukunikosea kitu. Nitakueleza kwa nini sikujibu, na utaona jinsi jambo lenyewe lilivyo dogo. Ningekujibu "ingia, kaka," ningekuwa nimesema kwamba mimi siji. Na huku nilikokaa, wakati wa baridi, wakati watu walipoandika jina langu vibaya kwa mwaka wa ishirini, wakati mabinti zangu waliponijibu kwa lugha nyingine, nilikuwa na kitu kimoja cha kujiambia: nina nyumba mlimani, imefagiliwa, kitanda kimetandikwa. Nilihitaji iwe tupu. Nyumba yenye watu ingekuwa nyumba ya watu. Iliyo tupu ilikuwa yangu. Kwa hiyo nilikuacha nje ili niwe na mahali pa kutokuja.

Nimeiandika sentensi hiyo nikaifuta mara mbili. Mara ya tatu nimeiacha.

Utasema, basi njoo sasa, umeshajua. Aikande naye alisema hivyo jana. Alisema tushuke Durban, tupande ndege, safari ya mtu na mkewe siyo lazima iishe ilikopangiwa kuishia. Alisema tumefika nusu ya safari, na tangu tuondoke Mombasa kila kitu anachokiona kinamwambia amezeeka na mtu ambaye hakumjua. Hakusema kwa hasira. Alikuwa anakunja nguo. Nikamwambia ningependa awe amekosea. Akasema, "Na mimi."

Lakini nimejipima kwa uaminifu, labda kwa mara ya kwanza. Ngazi ile ilikuwa na vidato thelathini na viwili, na vyote nilivishuka. Kilichobaki kilikuwa hatua moja, nami nikamjibu mama wa watu kwa Kiingereza. Nikikuahidi tena, nitakuahidi neno lile lile ambalo watoto wenu wamelifanya jina langu, na masika yako mlangoni. Shemeji hawezi kulala kwenye mbao msimu mwingine kwa sababu mimi naona aibu kusema ukweli.

Masale yako nimeyapokea, yote mawili. Sharti ni kunywa pamoja. Hapa hakuna mbege, pombe yetu ya ndizi, wala kata. Jana jioni Aikande alimimina maziwa kwenye kikombe cha chai, akanywa nusu, akanisukumia. "Nimekunywa badala ya shemeji. Usinitazame, kunywa." Nikanywa. Kama ukoo wataona haikutosha, nitakubali hukumu yao.

Na mimi ndiye niliyekuwa na deni la jani tangu mwanzo. Karibu na lifti ya meli hii kuna chungu kikubwa, na mmea uliomo ni ndugu wa isale. Huku huuweka kwenye ofisi na hoteli kama pambo, hawajui ni nini. Leo asubuhi, wakati wenzangu wako kwenye kifungua kinywa, nilikwenda na mkasi wa kucha. Jani ni gumu kuliko nilivyodhani. Bibi mmoja alipita akanisalimu, nikamsalimu, nikaendelea kukata. Nimelifunga fundo kama ulivyonifundisha, fundo moja, katikati. Halikukua kwenye mpaka wa mtu yeyote. Nitalituma kwa posta ya Durban pamoja na karatasi hizi. Picha zake nitamtumia Neema kwenye simu akusomee kabla, ili msingoje posta.

Likifika, lipokee kama mama alivyopokea.

Isale huenda na neno la kosa. Neno langu ni hili, na liandikwe kwenye kikao. Nilijua siku nyingi kwamba sitarudi, nikakuacha ufagie. Nyumba ya baba ni yako tangu leo, na baada yako ni ya mtoto utakayemtaja wewe. Ile nafasi mliyoniachia mkono wa kushoto wa kaburi la mama ni yako pia, na Mungu aicheleweshe. Zile mbao, ng'ombe watazifurahia kuliko wewe. Shemeji alale kitandani kwangu, kwenye shuka alizozifua mwenyewe, leo, asingoje Jumamosi.

Fungua mlango, kaka, uuache wazi. Mimi sitarudi.

Mdogo wako,
kitindamimba wa mama